Nyumba ya halmashauri yenye paa bapa: je, itadumu, na je, tuinunue?

Swali. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Pamoja na mume wangu na watoto wetu wawili, tunaishi katika mji mmoja wa Midlands, Uingereza, katika nyumba ya ghorofa moja tuliyopangishwa na halmashauri. Paa lake ni bapa, na kuta ni za vipande vya zege vilivyotengenezwa kiwandani baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Jirani mmoja mzee ametuambia kwamba nyumba hizi zilijengwa zidumu miaka 10 tu. Chumba cha watoto kina ukungu mweusi kwenye pembe ya dari, na nje kuna ufa mrefu unaoshuka na kona ya nyumba. Je, ni salama kuendelea kuishi humu? Na tukipewa nafasi ya kuinunua, tuinunue?

Jibu. Dada yangu, umeuliza maswali mawili, na nakuomba uyatenganishe tangu sasa, kwa kuwa majibu yake hayaelekei upande mmoja. Nyumba inaweza kufaa kwa mpangaji kwa miaka mingi ijayo, na hapohapo ikawa nyumba ambayo singemshauri mtu atie ndani yake akiba yake ya maisha. Nitaanza na uimara wake, kisha nije kwenye ukungu na haki zenu, na mwisho nizungumzie ununuzi.

Neno la jirani yako lina ukweli, ila ni ukweli wa nyumba nyingine. Wakati wa vita, mabomu yalipokuwa yameharibu nyumba nyingi mijini na mafundi wengi wakiwa jeshini, serikali ya Uingereza iliunda mwaka 1942 kamati iliyoongozwa na Sir George Burt kutafuta namna za kujenga haraka kwa vipande vya kiwandani. Mwezi Machi 1944 Winston Churchill aliahidi redioni nyumba za muda hadi nusu milioni, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya makazi ya muda. Nyumba zilizojengwa hatimaye kati ya 1945 na 1949 zilikuwa 156,623. Hizo zilikuwa nyumba za chini zisizo na ghorofa, za majina kama Arcon, Tarran, Uni-Seco na ile ya alumini, na hizo ndizo zilizokadiriwa kukaa miaka 10 au zaidi kidogo hadi nchi ipate nafasi ya kujenga upya.

Hata hizo hazikuitii hesabu ya waliozipanga. Mfano ninaoupenda ni mtaa wa Excalibur huko Catford, kusini-mashariki mwa London, ambako nyumba 187 za Uni-Seco zilijengwa mwaka 1945 na 1946, sehemu ya kazi ikifanywa na wafungwa wa kivita wa Kijerumani na Kiitaliano. Uni-Seco ilikuwa nyumba nyepesi yenye paa bapa, fremu za mbao na mabamba ya saruji yaliyochanganywa na asbesto, na fundi yeyote aliyeitazama siku ya kwanza angesema haitafika mbali. Mwaka 2009 sita kati yake ziliorodheshwa kuwa majengo ya kihistoria yanayolindwa na sheria, na mwaka 2010 wakazi walipopiga kura kuhusu kuubomoa mtaa, walioafiki waliwazidi kidogo tu waliopinga, jambo linaloonyesha jinsi wengi wao walivyozipenda. Familia zilizoingia humo baada ya vita zilikuta jiko lililokamilika, jokofu, bafu na choo cha ndani, katika zama ambazo familia nyingi za wafanyakazi hazikuwa na kimojawapo. Zilidumu kwa sababu mzigo wake ulikuwa mwepesi, kila sehemu ilifikika kwa ngazi fupi, na wakazi waliziba matundu yalipotokea. Naona somo hili ni kubwa kuliko hesabu yoyote ya kiwandani, kwamba umri uliotabiriwa kwa nyumba haukwambii mengi mpaka ujue maji yameingia wapi na nani aliyazuia.

Nyumba yenu si ya kundi hilo. Nyumba ya ghorofa moja yenye kuta za zege ni ya kundi la pili, lililokusudiwa tangu awali kuwa makazi ya kudumu, na mifumo yake ilikuwa mingi: Airey, Cornish Unit, Reema, Unity, Wates, Woolaway, Orlit na mingine. Paa bapa linanifanya nifikirie kwanza Orlit, mfumo uliobuniwa na Ervin Katona, msanifu aliyetoka Chekoslovakia, kwa kuwa nyumba nyingi za Orlit zilijengwa hivyo. Hata hivyo sitaki ushike dhana yangu, kwani nyumba nyingi zimevishwa matofali au lipu mpya kiasi kwamba sura ya nje haithibitishi chochote. Iandikieni halmashauri na kuitaka itaje kwa maandishi jina la mfumo wa ujenzi wa nyumba yenu, mwaka iliojengwa, na kama imewahi kukaguliwa au kukarabatiwa kimuundo. Jina hilo ni muhimu kuliko maoni ya mtu yeyote anayesimama barabarani na kuitazama, nami nikiwemo.

Sasa nieleze kinachozila nyumba za aina hii, maana ukikijua utajua pia uutazame vipi ufa wako. Zege lenyewe ni gumu likigandamizwa lakini ni dhaifu likivutwa, na ndiyo sababu ndani yake huwekwa nondo za chuma. Saruji mpya huwa na hali kali ya alkali, yaani kinyume cha asidi, yenye kipimo cha pH cha kati ya 12 na 13, na ndani ya hali hiyo chuma hujifunika utando mwembamba unaokizuia kushika kutu. Tatizo ni kwamba hewa ya kaboni dioksidi hupenya polepole kutoka nje na kuigeuza chokaa iliyomo ndani ya zege, hadi ile kinga ikapotea. Mwendo wake hupungua kasi kadiri unavyokwenda ndani, kiasi kwamba kina kikiongezeka maradufu, muda uliohitajika huwa umeongezeka takriban mara nne. Zege zuri lenye unene wa kutosha juu ya nondo linaweza kustahimili karne nzima. Lakini vipande vya kiwandani vya miaka ile vilifanywa vyembamba ili vibebeke, na mara nyingine nondo zilisogea ndani ya kalibu, zikabaki na milimita chache tu za zege juu yake. Hapo hewa hufika mapema.

Lipo jambo la pili, na kwa maoni yangu ndilo baya zaidi. Ili vipande vikauke upesi na kalibu zitumike tena siku ya pili, hasa wakati wa baridi, viwanda kadhaa viliongeza kloridi ya kalsiamu, aina ya chumvi, kwenye mchanganyiko. Kloridi hushambulia chuma hata pale ambapo zege halijapoteza ukali wake, na humo ndani haitoki. Uingereza iliacha kuiruhusu katika zege lenye nondo mwaka 1977, miaka mingi baada ya nyumba hizi kukamilika. Kutu ikishaanza, huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, pengine mara mbili hadi sita, na msukumo huo hulipasua zege kutoka ndani. Ufa wa namna hiyo una alama zake: hufuata mstari wa nondo, kwa hiyo kwenye nguzo hushuka wima karibu na kona, mara nyingi ukiwa na madoa ya rangi ya kutu, na ukigonga pembeni kwa kitu kigumu utasikia mlio wa uwazi. Ufa wako unashuka na kona. Siwezi kuupima kwa maelezo ya mstari mmoja, lakini mahali ulipo panatosha kunifanya nidai ukaguzi wa mhandisi wa miundo, badala ya fundi wa kupaka rangi.

Msiogope kupita kiasi, lakini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nyumba ya Airey iliyoungua moto ilipochunguzwa, nguzo zake zilikutwa na nyufa, na taasisi ya utafiti wa majengo ya Uingereza ikapanua uchunguzi hadi mifumo mingine mingi ya zege. Walichokikuta kilikuwa uharibifu wa polepole na ulioenea, si nyumba zilizokuwa zikikaribia kuwaangukia watu. Uharibifu wa polepole una heri moja, kwamba hutoa ishara miaka mingi kabla haujawa hatari, na kwa hiyo mwenye kuangalia huwa na muda wa kutosha kuchukua hatua. Hatari hutokea pale ambapo ishara zimepakwa rangi na kusahauliwa. Mhandisi akija, mwulizeni kama atapima unene wa zege juu ya nondo kwa kifaa cha sumaku, kama atapulizia dawa ya fenoltalini, ambayo hugeuka waridi palipo na zege zima na kubaki bila rangi palipopoteza kinga, na kama atachukua unga wa zege kwenda kupimwa kloridi maabara. Mkaguzi aliyezunguka nyumba kwa macho tu hajakagua nyumba ya zege.

Nije kwenye paa. Neno bapa linapotosha kidogo, kwa sababu paa zuri la namna hii halipaswi kuwa bapa kabisa. Kanuni za Uingereza hutaka mwinamo usiopungua sentimita 1 kwa kila sentimita 80 baada ya ujenzi kukamilika, na wabunifu hushauriwa kupanga maradufu ya huo, kwa kuwa mbao na zege hulegea. Paa likishalegea, maji husimama katikati kama dimbwi, nayo karatasi ya lami iliyo chini yake hupigwa na jua, baridi na barafu hadi ipasuke kwenye maungio. Karatasi ya lami ya zamani ilitarajiwa kukaa miaka 10 hadi 20, kwa hiyo paa la nyumba yenu lilistahili kubadilishwa mara kadhaa tangu lijengwe. Kila mara lilipocheleweshwa, maji yalishuka kwenye vichwa vya nguzo na miisho ya mihimili, palepale ambapo vipande viliunganishwa na ambapo chuma kinahitaji ukavu kuliko mahali pengine popote.

Wewe uliyekulia Pwani unayafahamu mapaa bapa ya nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, yenye boriti za mikoko, mawe ya matumbawe na chokaa iliyopigwa hadi ikashikana. Yalihitaji kuangaliwa kila mwaka kabla ya masika, na uangalizi ulipolegea, wenye nyumba wengi waliishia kuyafunika kwa mabati ya mteremko. Halmashauri nyingi za Uingereza zimefikia uamuzi uleule na kujenga paa jepesi la mteremko juu ya lile bapa. Ikiwa halmashauri yenu itapendekeza hivyo, mimi ningeafiki, kwa sharti kwamba mhandisi amethibitisha nguzo zinaweza kuubeba uzito ulioongezeka.

Wasipojenga mteremko, upo uamuzi mwingine unaofaa kufuatiliwa kwa makini, nao ni mahali pa kuweka tabaka la kuhami joto. Kulijaza ndani, juu ya dari na chini ya bamba la paa, ni rahisi na ni bei nafuu, lakini hulifanya bamba lenyewe kuwa baridi sana. Mvuke wa jikoni na bafuni hupanda, hukutana na ubaridi huo na kugeuka maji mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Kulazwa juu ya bamba, chini ya karatasi mpya ya lami, na kizuizi cha mvuke kikawekwa chini yake, ndiyo njia iliyo bora. Mkisikia paa linafanywa upya, ulizeni tabaka hilo litakaa upande gani, kwani kosa la hapo huonekana baada ya miaka, dari ikishaoza.

Ukungu wa chumba cha watoto unaweza kuwa na chanzo kimoja kati ya viwili, na kuvitofautisha kunawezekana nyumbani. Paa linalovuja huacha doa la kahawia lenye ukingo, na doa hilo hukua baada ya mvua. Unyevu wa hewa iliyoganda hutoa madoa madogo meusi kwenye pembe, nyuma ya kabati na juu ya madirisha, nao huzidi siku za baridi hata kusiponyesha. Pembe ya dari katika nyumba ya zege ni mahali pa baridi kuliko pote, kwa sababu nguzo na mhimili hukutana hapo na kuupitisha ubaridi wa nje moja kwa moja hadi ndani. Familia ya watu wanne huweza kutoa hewani lita 10 za maji au zaidi kwa siku kwa kupumua, kupika, kuoga na kuanika nguo, na maji hayo yote hutafuta ukuta ulio baridi. Fungueni matundu ya hewa, washeni feni ya bafuni, sogezeni kabati mbali kidogo na ukuta wa nje, na msianike nguo katika chumba hicho. Lakini nasema kwa msisitizo kwamba hatua hizi hazimwondolei mwenye nyumba wajibu wake. Mpangaji akiambiwa afungue dirisha mwezi Januari katika nyumba isiyo na kinga ya joto, anatwishwa kosa la mbunifu wa miaka ya 1940.

Sheria ya Uingereza leo inakubaliana na hilo. Mtoto Awaab Ishak, mwenye umri wa miaka miwili, alifariki mwezi Desemba 2020 huko Rochdale kutokana na kukaa kwa muda mrefu katika nyumba ya kupanga yenye ukungu, ambayo wazazi wake walikuwa wameilalamikia. Kutokana na kifo chake ilipatikana Sheria ya Awaab, ambayo kwa wenye nyumba za umma ilianza kutumika tarehe 27 Oktoba 2025. Hatari ya dharura inapasa kushughulikiwa ndani ya saa 24. Unyevu na ukungu wenye hatari kubwa unapasa kuchunguzwa ndani ya siku 10 za kazi, mpangaji apewe muhtasari wa maandishi ndani ya siku 3 za kazi baada ya uchunguzi, na mahali pawe salama ndani ya siku 5 za kazi. Pigeni picha zenye tarehe, tajeni umri wa watoto na shida yoyote ya kifua, na lalamikeni kwa maandishi badala ya simu. Kuta, paa na mabomba ya maji ya mvua ni wajibu wa halmashauri chini ya sheria ya mwaka 1985 ya wenye nyumba na wapangaji. Mkipita ngazi zote za malalamiko ya halmashauri bila mafanikio, yupo mchunguzi huru wa malalamiko ya makazi ambaye huduma yake ni bure.

Jambo moja msilifanye wenyewe: msitoboe, msikwangue wala kusugua kwa msasa dari au mabamba ya zamani kabla halmashauri haijawaonyesha rekodi ya asbesto. Uingereza ilipiga marufuku kabisa matumizi yake mwaka 1999, na nyumba yenu ni ya zamani zaidi ya marufuku hiyo kwa miaka mingi. Asbesto iliyotulia ndani ya bamba zima haiwadhuru. Vumbi lake ndilo linalodhuru.

Sasa ununuzi. Haki ya mpangaji kununua nyumba ya halmashauri ilipanuliwa kwa sheria ya mwaka 1980, na maelfu ya familia zilinunua nyumba za zege bila kujua yaliyomo ndani ya nguzo. Ukweli ulipojulikana, Bunge lilipitisha mwaka 1984 sheria ya nyumba zenye kasoro, iliyotaja mifumo kadhaa ya zege, Orlit ikiwemo, na kuwapa walionunua mapema ruzuku ambayo kwa kawaida ilikuwa asilimia 90 ya gharama za ukarabati. Msaada huo uliwahusu wao. Mnunuzi wa leo huchukuliwa kuwa amenunua akijua, na kila gharama itakayofuata ni yake.

Benki nazo zina kumbukumbu ndefu. Nyingi hazitoi mkopo kwa nyumba ya mfumo uliotajwa na sheria ile isipokuwa iwe imekarabatiwa kwa njia iliyoidhinishwa, yaani sehemu za zege zinazobeba mzigo zimeondolewa na kuta mpya za matofali kujengwa, na mhandisi ametoa cheti. Nyumba iliyovishwa tu tabaka la nje la kuhami joto na lipu mpya inapendeza, ina joto, na hata zege lake huchakaa polepole zaidi kwa kuwa limekauka, lakini machoni pa benki bado haijakarabatiwa. Na ikiwa mmeshikana ukuta na jirani, benki kadhaa hutaka nusu ya jirani nayo iwe imekarabatiwa, jambo ambalo ninyi hamna uwezo wa kulilazimisha. Nyumba isiyokopesheka huweza kuuzwa kwa mwenye fedha taslimu tu, na mwenye fedha taslimu anajua hivyo anapotaja bei.

Punguzo lenyewe halina tena uzito wa zamani. Tangu Novemba 2024 kiwango cha juu katika England ni kati ya pauni 16,000 na 38,000 kulingana na eneo, na ukiuza ndani ya miaka mitano unaweza kudaiwa kurudisha sehemu yake. Mkituma maombi, halmashauri inalazimika katika taarifa yake ya bei kuwaeleza kasoro za kimuundo inazozijua. Isomeni taarifa hiyo neno kwa neno pamoja na mhandisi wenu wa kujitegemea, ambaye ripoti yake mtailipia ninyi na ambaye hatatumwa na benki wala halmashauri.

Kwa maelezo uliyonipa, ushauri wangu ni kwamba mbaki wapangaji kwa sasa, mdai jina la mfumo, ukaguzi wa ule ufa na uchunguzi wa chumba cha watoto. Ningebadili ushauri huo endapo itathibitika kwamba nyumba si ya mfumo uliotajwa na sheria ya 1984, au kwamba nyumba yenu na ya jirani zote mbili zina cheti cha ukarabati ulioidhinishwa. Kama cheti kipo, halmashauri itakuwa na nakala yake, kwa hiyo kiombeni katika barua ileile ya kwanza.